Chai ya Saa Kumi Mjini Kigali: Meza ya Kiingereza, Maneno ya Kiswahili

Utangulizi

Katika miaka ya hivi karibuni baadhi ya hoteli na mikahawa ya mjini Kigali imeanza kuwaandalia wateja chai ya alasiri kwa mtindo wa Kiingereza. Mteja hukaa kwenye kiti cha starehe, akaletewa buli la kauri, kikombe chenye kisahani chake, maziwa pembeni katika chombo kidogo, na kinara cha sahani tatu zilizopandana. Sahani ya chini huwa na sandwichi ndogo zilizokatwa maganda, ya kati huwa na skonzi na jemu, na ya juu huwa na keki ndogondogo. Watu hunywa polepole, huzungumza kwa sauti ya chini, na wengi hupiga picha kabla ya kugusa chochote.

Mtu akiitazama meza hiyo hudhani mara moja kwamba amefika Uingereza, na kwamba chai ni mgeni aliyeingia Rwanda jana, pamoja na Kiingereza. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kinara kile ni cha Kiingereza, hatukatai. Lakini jina la chai, majina ya vyombo vyake na hata hesabu ya saa yake viliingia nchini kwa mlango wa Kiswahili, miaka mingi kabla ya mtindo huu kufika.

Jambo hili si dogo kwetu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Mwezi Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo bado tunasikia, hata ndani ya madarasa yetu, kwamba Kiswahili ni lugha ya nje iliyoletwa kwa ajili ya siasa na biashara za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaamini kwamba jibu zuri kwa hoja hiyo liko mezani, ndani ya kikombe.

Chai ya alasiri ilivyoanza huko kwao

Tuanze na Waingereza wenyewe. Chai haikuwa kinywaji chao cha asili. Ilifika London katikati ya karne ya 17, ikiwa bidhaa ya thamani kubwa kutoka China. Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili alimwoa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, ambaye tayari alikuwa mnywaji wa chai, na watu wa jumba la kifalme wakamfuata. Kwa muda mrefu iliendelea kuwa kinywaji cha wenye nacho.

Desturi ya kunywa chai alasiri pamoja na vitafunio ni changa zaidi. Kwa mapokeo, mwanzilishi wake ni Anna Maria, mke wa mtawala wa saba wa Bedford, yapata mwaka 1840. Wakati huo matajiri walikuwa wakila chakula cha mchana mapema na chakula cha usiku kwa kuchelewa sana, basi njaa ilikuwa ikiwashika katikati. Bibi huyo akaagiza aletewe chai na mkate wenye siagi chumbani mwake, kisha akaanza kuwaalika rafiki zake. Hatimaye jambo la tumbo likawa jambo la heshima.

Kutoka majumbani desturi hiyo ilitoka barabarani. Mwaka 1864 kampuni ya Aerated Bread Company, iliyokuwa ikioka mikate, ilifungua chumba cha chai mjini London. Mwaka 1894 kampuni ya Lyons ilifungua duka lake la kwanza la chai katika mtaa wa Piccadilly. Kule Glasgow bibi mmoja mfanyabiashara, Kate Cranston, alijipatia sifa kwa vyumba vyake vya chai, na maarufu kuliko vyote ni kile cha Willow kilichofunguliwa mwaka 1903.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, vyumba vya chai viliwapa wanawake mahali pa heshima pa kukutana nje ya nyumba bila kusindikizwa na mwanamume. Pili, vilienea wakati ambapo harakati za kupinga ulevi zilikuwa na nguvu. Chumba cha chai kilikuwa jibu kwa baa. Tunaomba msomaji aliweke akilini jambo hili la pili, kwa sababu tutalikuta tena Nyamirambo.

Safari ya neno

Wanaisimu wanajua kwamba takriban dunia yote huita kinywaji hiki kwa moja kati ya majina mawili, na yote mawili yametoka China. Sehemu kubwa ya nchi hiyo husema "cha". Katika lahaja ya Kimin, ya pwani ya Fujian, husema "te". Waholanzi, walionunua chai yao kwa wafanyabiashara wa pwani hiyo, walichukua "te" na kuieneza Ulaya Magharibi. Ndiyo maana Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani vyote vina neno lenye sauti ya "t". Kwa upande mwingine neno "cha" lilisafiri kwa nchi kavu hadi Uajemi, likawa "chai", likaenea India na nchi za Kiarabu, na kwa njia za Bahari ya Hindi likafika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Sasa tuitazame Rwanda. Nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani hadi mwaka 1916, kisha na Wabelgiji hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Mjerumani alikuwa na neno lenye "t", na Mbelgiji vilevile. Kama chai ingeingia kwa mkono wao, tungetarajia Mnyarwanda naye aseme neno lenye "t". Lakini hasemi hivyo. Anasema "icyayi", na neno hilo ni "chai" ya Kiswahili iliyovishwa nguo za Kinyarwanda.

Nguo hizo zenyewe zinapendeza kuchunguzwa. Kinyarwanda kiliisikia silabi ya mwanzo ya "chai" na kuidhania kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, kama vile sisi tunavyosema "chakula" na "chombo". Hivyo neno likaingizwa katika ngeli hiyo, na Mnyarwanda husema "icyayi cyiza". Sisi katika Kiswahili tumeliweka katika ngeli ya I-ZI, tunasema "chai nzuri". Mwalimu anayefundisha Kigali akikuta mwanafunzi ameandika "chai kizuri", basi asikimbilie kalamu nyekundu bila maelezo. Mwanafunzi huyo amefuata sarufi ya mama yake kwa uaminifu kabisa, na kosa lake linatueleza historia.

Kigali na Waswahili wake

Neno halitembei lenyewe, hubebwa na watu. Watu hao walikuwa nani?

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, daktari na mpelelezi wa Kijerumani aliyekuwa amefika Rwanda mara ya kwanza mwaka 1898. Nyumba inayohusishwa naye bado ipo, nayo leo ni makumbusho. Lakini Kandt hakujenga mji peke yake. Serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki ilitumia Kiswahili katika utawala wake, na pamoja na maofisa walikuja askari, makarani, wapagazi na watumishi waliozungumza lugha hiyo. Nyuma yao walikuja wafanyabiashara Waarabu, Wahindi na Waswahili, wengi wakipitia Bukoba, wakileta nguo, chumvi, shanga na bidhaa nyingine za dukani. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivuka Ziwa Viktoria kwa meli. Kwa hiyo duka la Kigali lilikuwa limeunganishwa na bandari ya Mombasa.

Watu hao walikaa pamoja. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo, ambao ndio wa kwanza nchini Rwanda. Chini ya utawala wa Kibelgiji Waislamu na "Waswahili" wengine walitengewa makazi yao, na Biryogo ikawa moyo wa maisha hayo. Serikali na wamisionari hawakupenda waenee vijijini. Basi Kiswahili kikabaki lugha ya mji, ya soko, ya gereji na ya msikiti, na polepole jina lenyewe likachafuliwa. Katika mazungumzo ya watu wengi "Umuswahili" alikuja kumaanisha si mzungumzaji wa lugha tu, bali pia Mwislamu, na hata mtu mjanja asiyeaminika. Tunalitaja jambo hili kwa sababu haina maana kuisifu safari ya maneno huku tukificha dharau iliyowapata waliyoyabeba.

Tusifiche pia upande wa pili. Kiswahili kilifika pamoja na askari wa mkoloni, na katika masikio ya mwanakijiji wa wakati ule kilikuwa pia lugha ya amri. Historia ya lugha yetu ina pande zote mbili, na mwanafunzi anastahili kuzijua zote.

Vyombo vya mezani

Tukiachana na chai yenyewe, tuangalie vinavyoizunguka. Katika Kinyarwanda kikombe ni "igikombe", kijiko ni "ikiyiko", sahani ni "isahani", sufuria ni "isafuriya", sukari ni "isukari", na meza ni "ameza". Maandazi ni "amandazi", na tangawizi ni tangawizi.

Wanafunzi wa fonolojia wataona jambo la kufurahisha katika mifano miwili ya kwanza. Kwa nini "igikombe" ina "gi" ilhali "ikiyiko" ina "ki"? Hii ni Sheria ya Dahl ikifanya kazi. Kiambishi chenye konsonanti isiyo ghuna hubadilika kuwa ghuna pale shina linapoanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Shina "kombe" linaanza na "k", kwa hiyo kiambishi kimegeuka. Shina "yiko" halina sababu ya kukigeuza. Maneno haya, basi, si wageni waliokaa sebuleni wakisubiri kuondoka, kwani yamekwisha kutii sheria za nyumba.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yetu, ni "amajyani". Kinyarwanda kina neno lake la asili la majani ya mti, yaani "amababi". Hakikuwa na upungufu wowote. Lakini majani makavu ya chai yanayonunuliwa dukani huitwa "amajyani". Jani la mti shambani ni la Kinyarwanda, na jani la chai kwenye pakiti ni la Kiswahili. Hatuhitaji hati ya kumbukumbu kutuambia ni nani aliyemuuzia Mnyarwanda pakiti ile ya kwanza, maana muuzaji ameacha jina lake kwenye bidhaa.

Neno "ameza" nalo lina hadithi ndefu. Wareno walilileta pwani yetu pamoja na meza zenyewe, na Waswahili wakalifanya lao. Kisha likapanda bara pamoja na misafara hadi kwenye vilima vya Rwanda, mahali ambapo Mreno hakuwahi kutawala. Hata "buli" la chai tunalolitumia katika Kiswahili lina asili ya Kireno, na "birika" ni la Kiarabu. Kwa hiyo nasi tusijivune kupita kiasi, kwani tulikopa kwanza, kisha tukakopesha.

Na saa je? Mnyarwanda husema "saa sita" na "saa saba", ilhali Kinyarwanda kina namba zake kamili za sita na saba, ambazo hazifanani na hizo hata kidogo. Anapotaja saa, huhesabu kwa Kiswahili, na huanza hesabu yake asubuhi kama sisi. Basi Mwingereza anapokunywa chai yake saa nne kwa hesabu ya kwao, mhudumu wa Kigali humwandalia meza "saa kumi z'umugoroba".

Chai shambani

Hadi hapa tumezungumza juu ya mnywaji. Lakini Rwanda leo ni nchi ya wakulima wa chai, na historia hiyo ni tofauti.

Kilimo cha chai kilianza mwaka 1952, wakati wa Wabelgiji. Ni kuchelewa, tukikumbuka kwamba chai ilipandwa Limuru, Kenya, tangu mwaka 1903. Mashamba yalilimwa katika mabonde yenye unyevunyevu, kama yale ya Mulindi upande wa kaskazini, na kwenye miteremko ya milima, kama kule Gisakura na Kitabi kandokando ya msitu wa Nyungwe. Mwaka 1975 kampuni ya Sorwathe ilianzishwa huko Kinihira na mfanyabiashara wa chai kutoka Marekani, na mwaka 1978 serikali iliunda shirika la OCIR-Thé kusimamia zao hilo. Tangu mwaka 2011 kazi hiyo iko chini ya bodi ya NAEB. Katika miaka ya karibuni mauzo ya nje ya chai yameipatia nchi zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka.

Mulindi ina nafasi ya pekee. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vilifika kwenye mashamba hayo, na kuanzia mwaka 1992 makao makuu ya RPF yalikuwa hapohapo, penye kiwanda cha chai. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, uzalishaji wa chai uliporomoka nchini kote na mashamba mengi yakageuka vichaka. Kuyarudisha ilikuwa kazi ya miaka. Leo mtu akipita Mulindi anaona bonde la kijani kibichi lililonyooka kama zulia, pamoja na makumbusho ya vita vya ukombozi.

Chai hiyo inakwenda wapi? Sehemu yake kubwa husafirishwa kwa malori hadi Mombasa na kuuzwa mnadani. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na huuza chai ya nchi nyingi za ukanda wetu. Kutoka hapo chai ya Rwanda huchanganywa na ya nchi nyingine, ikatiwa katika pakiti zenye majina ya kigeni. Inawezekana kabisa kwamba chai inayotoka kwenye pakiti ya Ulaya na kumiminwa kwenye kikombe cha kauri mjini Kigali ina ndani yake majani yaliyochumwa kilomita chache kutoka hapo, majani mawili na chipukizi, na mama aliyebeba kikapu mgongoni. Jani limekwenda hadi baharini likarudi na jina jipya.

Mtindo wa Kiingereza ulivyofika

Sasa tunaweza kuuliza: kinara cha sahani tatu kilipita njia gani?

Hakikuletwa na utawala wa Kiingereza. Waingereza waliwahi kuishika sehemu ya mashariki ya Rwanda, eneo la Gisaka, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakiota reli ya kutoka Rasi hadi Cairo. Lakini ilikuwa kwa muda mfupi tu, kisha wakairudisha kwa Wabelgiji. Mbelgiji naye alileta bia na neno la mgahawa ambalo Kinyarwanda kimelifanya "resitora".

Njia ya kweli ilipita kwa majirani. Kule Nairobi walowezi walikuwa na hoteli ya Norfolk tangu mwaka 1904, na desturi ya chai ya alasiri ilishika mizizi katika hoteli za namna hiyo, katika vilabu vya walowezi na shuleni. Waafrika wa Kenya na Uganda waliichukua chai wakaipika kwa namna yao, wakichemsha majani, maziwa na sukari pamoja katika sufuria moja. Maelfu ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao kuanzia mwaka 1959 waliishi Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, na waliporudi baada ya mwaka 1994 walirudi na ladha za huko. Chai ya maziwa yenye tangawizi ambayo menyu za Kigali huiita "African tea" ina jina hilohilo Kampala. Chai isiyo na maziwa huitwa "mukaru", neno linalofanana na "mukalu" ya Kiganda, yaani kavu. Sisi huiita chai ya rangi, na wengine huiita sturungi.

Kisha zikafuata siasa. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwezi Novemba 2009 nchi ilijiunga na Jumuiya ya Madola, ikiwa ya pili baada ya Msumbiji kuingia humo bila historia ya kutawaliwa na Uingereza, na mwezi Juni 2022 viongozi wa jumuiya hiyo walikutana Kigali. Wageni waliongezeka, hoteli kubwa zikajengwa, na hoteli kubwa haikosi kuiga mambo ya hoteli kubwa za kwingine. Chai ya alasiri ya Kiingereza, kwa hiyo, ni mgeni wa karne hii ya 21.

Tuongeze jambo moja. Ilikuta nchi yenye heshima ya zamani ya maziwa. Mnyarwanda alimkirimu mgeni kwa maziwa, au kwa pombe ya ndizi iitwayo urwagwa iliyonywewa kwa mirija, na hadi leo Kigali ina migahawa inayouza maziwa tu. Mtu aliyekulia katika utamaduni huo akiona Mwingereza anatia matone mawili ya maziwa ndani ya chai, humwonea huruma kidogo.

Meza mbili

Ili tusibaki katika nadharia, tuliwachukua wanafunzi wachache wa idara tukaenda kwenye hoteli moja ya katikati ya mji kunywa chai ya alasiri, kisha siku hiyohiyo tukashuka Biryogo. Kila mwanafunzi alikuwa na karatasi ya kuorodhesha kila kitu kilichokuwa mezani, na jina lake katika Kinyarwanda cha kila siku.

Mhudumu wa hotelini alitukaribisha kwa Kiingereza kizuri. Tulipomjibu kwa Kiswahili alicheka, kisha akaendelea kwa Kiswahili fasaha na kutuambia kwamba amekulia Nyamirambo. Orodha ya wanafunzi ilitoa picha iliyo wazi. Vilivyoliwa, yaani sandwichi, keki na jemu, vilikuwa na majina ya Ulaya. Kilichonywewa, na karibu kila kilichobeba chakula na kinywaji, kilikuwa na jina la Kiswahili. Maziwa, maji na kiti vilibaki na majina ya asili: amata, amazi, intebe. Mwanafunzi mmoja kutoka Tanzania alilalamika kwamba skonzi aliyoletewa si skonzi, kwa kuwa kwao neno hilo ni mkate mdogo laini wa duara. Tulimweleza kwamba Kiswahili kiliazima jina kwa Mwingereza, kisha kikaoka mkate wake chenyewe.

Biryogo ilikuwa na kelele zaidi. Baadhi ya mitaa yake sasa imefungiwa magari na kupakwa rangi, na meza zimetolewa hadi barabarani. Watu hunywa chai ya majani ya kijani na chai ya maziwa, wakala sambusa, chapati na nyama choma. Pombe haionekani kwenye meza hizo. Hapo ndipo tulipowakumbusha wanafunzi juu ya vyumba vya chai vya London. Huko harakati za kupinga ulevi, na huku dini ya Kiislamu, zote zilizaa kitu kimoja: meza ambayo mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, anaweza kukaa saa nzima na kikombe, akazungumza na akarudi nyumbani akiwa na akili zake. Bei, bila shaka, haikulingana. Gharama ya kinara kimoja kule juu ingewashibisha sisi sote pale chini, na chenji ikabaki.

Tulimsalimu mama mmoja mtu mzima anayekaanga maandazi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha kubwa, na akaacha kijana wake aendelee na karai. Alituambia kwamba kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa akiwauzia chai madereva wa malori. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, lakini akiwa mtoto alikuwa akikiacha mlangoni kila alipokwenda shuleni, kwa kuwa wenzake wangemcheka na kumwita Mswahili. Sasa wajukuu wake wanakisoma Kiswahili kwa ajili ya mtihani, na jioni humjia na madaftari yao wakimwomba awasaidie ngeli. Alisema hajui ngeli ni nini, anajua kusema tu. Wanafunzi wetu walinyamaza kidogo. Hakuna mhadhara wetu wowote juu ya hadhi ya lugha uliowahi kuwafikia kama maneno yale.

Tuiiteje kwa Kiswahili?

Swali moja la tafsiri lilibaki, nalo linafaa kwa majadiliano ya darasani. Je, tuseme "chai ya alasiri" au "chai ya saa kumi"? "Alasiri" ni neno la Kiarabu lililofungamana na sala, na kwa watu wa pwani linaeleweka mara moja: baada ya sala ya alasiri watu hukaa barazani na chai, mahamri, kaimati au visheti. Kwa msomaji wa bara "saa kumi" ni wazi zaidi. Sisi tunapendelea "chai ya saa kumi" tukiwa Kigali, kwa kuwa hata asiyejua Kiswahili ataielewa.

Tuwaonye wafasiri wetu juu ya kosa moja. Kiingereza kina jina jingine ambalo neno kwa neno ni "chai ya juu", na hoteli nyingi za ukanda wetu hulitumia zikidhani ni chai ya watu wa tabaka la juu. Sivyo. Hicho kilikuwa chakula cha jioni cha wafanyakazi wa viwandani, chenye nyama na mkate, kilicholiwa kwenye meza ya kawaida ya chakula, iliyo ndefu kwa kimo kuliko meza ndogo za sebuleni. Mfasiri asiyejua historia humvika mfanyakazi koti la bwana.

Hitimisho

Tumeona kwamba chai ya mtindo wa Kiingereza mjini Kigali ni desturi mpya iliyowekwa juu ya desturi ya zamani. Chini ya kitambaa cheupe kuna meza ya Kiswahili, iliyojengwa na wafanyabiashara, askari, madereva na akina mama wa Biryogo, watu ambao mara nyingi walidharauliwa kwa lugha yao hiyohiyo. Sheria ya mwaka 2017 haikukileta Kiswahili Rwanda. Ilikitambua tu mahali kilipokuwa kimekaa siku nyingi, jikoni, dukani na kwenye saa ya ukutani.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunawaomba wanafunzi wetu, kabla ya muhula ujao kuanza, kila mmoja awaketie wazee wa kwao akusanye maneno 10 ya jikoni au ya dukani yanayodhaniwa kuwa na asili ya Kiswahili. Kwa kila neno aandike ngeli yake katika Kinyarwanda, ngeli yake katika Kiswahili, na mahali alipolisikia. Maneno hayo yakusanywe haraka, kwani wanaoyakumbuka yalivyoingia wanazidi kupungua. Orodha zipelekwe kwa mwalimu wa isimu historia, na zile zitakazokuwa kamili tutazichapisha katika toleo lijalo.